Daftari Langu la Presha Naliandika kwa Kubuni

Hajati, salaam nyingi kutoka Tororo hapa Uganda.

Mimi ni mzee wa miaka 63. Nimeendesha malori miaka 31, mingi ya hiyo Mombasa hadi Kampala, na mwishoni Juba kupitia Nimule. Mwaka juzi niliacha usukani, nikamalizia nyumba yangu ndogo, nikanunua ng'ombe wawili, nikasema sasa napumzika.

Mwezi wa pili mwaka huu, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimekaa kwa muuza chai kando ya barabara ya Malaba. Kikombe kikaniponyoka mkono wa kushoto. Nikataka kukiokota, vidole vikakataa. Nikataka kusema samahani, sauti ikatoka kama ya mtu aliyejaza posho, yaani ugali, mdomoni. Watu wakacheka. Hajati, sitakuficha, pale mtaani najulikana. Wakasema mzee leo ameanza mapema. Wakanibeba wakanilaza chini ya mwembe ili pombe inishuke, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata tone. Nilikuwa nasikia kila neno lao. Jua likahama likanipiga usoni, na siwezi kujigeuza. Kijana mmoja wa boda boda ndiye aliyesimama akauliza mbona mdomo wa mzee umekwenda upande. Zilikuwa zimepita saa mbili na zaidi.

Hospitalini presha ilisoma 204 kwa 118. Walinipiga picha ya kichwa wakasema ni kiharusi cha damu kuganda, na kwamba nina bahati. Nililala siku tisa. Nikatoka na mguu unaoburuta kidogo, mkono ambao mpaka leo unaangusha vitu, na mfuko wa dawa.

Sigara niliacha palepale kitandani. Nilianza nikiwa na miaka 20, kwa hiyo ilikuwa miaka 42. Hiyo sijairudia. Lakini mengine yamenishinda.

Binti yetu anayefanya kazi Kampala alikuja na boksi zima: oti, mafuta ya zeituni, mashine ya kupimia presha, na daftari la kuandika namba asubuhi na jioni. Kila Jumapili ananipigia simu nimsomee. Mama watoto naye amekuwa askari wa jikoni. Chumvi ameifungia kabatini. Wao wanakula mchuzi wao, mimi napikiwa kisufuria changu pembeni, kunde zimechemshwa na maji, hata ladha ya kunde hazina. Wajukuu wananiangalia kama mtu wa wodini. Nikimaliza natoka polepole mpaka kwa kijana wa chapati, nakula roleksi mbili, zile chapati za kuviringwa na mayai, zenye chumvi ya kutosha, narudi nikipangusa mdomo.

Halafu kuna malwa, pombe yetu ya wimbi inayonywewa kwa mrija kutoka chungu kimoja. Kikundi chetu tuko watu kumi na wanane, kila mmoja na mrija wake na kiti chake. Tuna mwenyekiti, tuna katibu, tuna faini kwa anayetukana. Nilipolazwa, wao ndio waliochanga pesa za gari. Nilipofiwa na kaka yangu, wao ndio walioleta turubai na sufuria. Nilikaa miezi mitatu bila kwenda, kazi yangu ikawa kuangalia ng'ombe wakicheua. Nikashindwa. Nikarudi nikisema nitavuta kidogo tu. Sasa ni jioni nne kwa wiki. Na siku ya malwa simezi dawa, maana nilisikia dawa na pombe havikai tumbo moja.

Swali langu ni hili. Kwa umri huu, kubadilika kuna faida gani tena? Au nimalizie siku zangu na watu wangu, nikila kilicho na ladha?

Lingine la mwisho, nusura nisiliandike. Namba ninazomsomea binti yangu nazibuni. Mashine iko juu ya kabati, sijaishusha tangu mwezi wa sita. Leo naandika 128 kwa 80, kesho 131 kwa 82, nabadilisha kidogo ili ionekane ya kweli. Wiki moja kabla ya kliniki nameza dawa kila siku, kwa hiyo wakinipima pale naonekana mzuri. Mara ya mwisho daktari alilitazama daftari, akanisifu mbele ya wagonjwa wengine, akaniondolea dawa moja kati ya mbili za presha. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Dereva Mstaafu, Tororo

*

Mzee wangu, salaam na pole sana.

Naanza na mkia wa barua yako, kwa sababu ndio unaoweza kukuua. Malwa na chumvi na roleksi tutayafikia, hayo yanasubiri. Hilo la daftari halisubiri.

Daktari wako si mjinga. Alifanya alichotakiwa kufanya kwa karatasi uliyompa: namba nzuri za miezi kadhaa, na kipimo kizuri cha siku ile. Amekupunguzia dawa akidhani unameza mbili kila siku na mwili umetulia. Kumbe ulikuwa unameza siku tatu kwa wiki, na sasa hata hizo tatu ni za dawa moja. Wewe umepita kwenye mizani mingi kati ya Mombasa na Kampala. Tani zikizidi, hata karatasi ikisoma vizuri, tairi zinajua zilichobeba.

Kwa hiyo usingoje tarehe ya kliniki. Leo hii shusha mashine. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano bila kuongea na mtu, miguu yote miwili chini, usiikunje mmoja juu ya mwingine. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo, na utumie wa kulia, si huu uliodhoofika. Usiwe umekunywa chai ya majani au kahawa nusu saa iliyopita. Pima mara mbili, pumzika dakika moja katikati, andika zote mbili. Ikiwa juu imefika 180 au chini imefika 120, pumzika, rudia, na ikibaki hapo nenda ukaonwe siku hiyohiyo. Ukiwa na maumivu makali ya kichwa, kifua kubana, macho kuingia ukungu au udhaifu mpya mahali popote, usirudie kupima, nenda. Ikiwa chini ya hapo, nenda wiki hii.

Na ukifika, useme hivi, maana najua wanaume wakifika mbele ya meza ya musawo, yaani daktari, maneno yanapotea: "Namba za kwenye daftari nilizibuni. Dawa nilikuwa nameza kila siku wiki moja tu kabla ya kliniki, wiki nyingine siku za pombe simezi kabisa." Basi. Usiongeze hadithi. Nimekuwa nesi miaka mingi kabla ya kustaafu na kuanza kujibu barua, na nakuambia mgonjwa anayesema hivyo humrahisishia daktari kazi. Anayetuchosha ni yule ambaye presha yake haieleweki, tunaongeza dawa, tunabadilisha dawa, tunampima figo, kumbe dawa ziko kwenye kopo nyumbani. Ile uliyoondolewa usiirudishe mwenyewe kwa kukisia. Aliyeiondoa ndiye aamue.

Binti yako mwambie baada ya kumwambia daktari, na mwambie wewe mwenyewe, kwa simu, kabla hajaambiwa na mama yake. Atakasirika. Mashine alinunua yeye. Lakini pia nadhani, na hapa nasema kama mama mwenye mabinti, kwamba lile daftari lilikosewa tangu mwanzo. Mtu aliyeongoza tani 28 usiku kwenye barabara za watu leo anasomeshwa hesabu kila Jumapili kama mtoto wa darasa la tatu. Hukubuni namba kwa sababu wewe ni mwongo. Uliogopa kumletea mtoto wako alama mbaya. Mwombe msimamishe hiyo simu ya Jumapili. Akupigie akuulize habari za ng'ombe. Daftari libaki kati yako na kliniki, na namba mbaya ziandikwe zilivyo, maana zile mbaya ndizo daktari anazozihitaji.

Kuna jambo ambalo hukuliandika, nami sijui kama ni lako. Wanaume wengi wa umri wako huacha dawa za presha kimyakimya kwa sababu ya chumbani. Wanaona nguvu zimepungua, wanasema ni kidonge. Mara nyingine ni kidonge kweli, mara nyingi ni presha yenyewe, au sukari, au hofu baada ya ugonjwa. Kama ni hivyo, sema. Dawa za presha ziko aina nyingi, na moja ikikusumbua hubadilishwa. Usije ukanunua zile za unga au za chupa zinazotembezwa kwenye stendi ya basi. Zingine zimechanganywa na vitu ambavyo vikikutana na dawa za moyo hushusha presha ghafla, mtu akaanguka asiamke. Hayo yamekwisha, sirudi tena huko.

Sasa swali lako: kwa miaka 63 kuna faida gani?

Wako watafiti waliofanya kazi kubwa iitwayo INTERSTROKE, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016. Walilinganisha watu waliopata kiharusi na wasiopata katika nchi 32, na Uganda yetu ilikuwa mojawapo, kwa hiyo usiniambie ni habari za Wazungu. Waliona kwamba mambo kumi tu yanabeba takriban asilimia 90 ya viharusi vyote: presha, kutofanya mazoezi, mafuta mabaya katika damu, chakula, unene wa kiunoni, msongo wa mawazo, sigara, ugonjwa wa moyo, pombe na sukari. Presha ndiyo iliyoongoza. Hebu soma tena orodha hiyo uone ni mangapi yaliyo mikononi mwako. Umri haumo. Umri upo, hauondoki, lakini si kitu cha kurekebishwa, kwa hiyo tuuache.

Na wewe tayari umeshafanya gumu kuliko yote, halafu umelipitisha kwa mistari miwili kana kwamba ni jambo dogo. Sigara ya miaka 42! Shirika la Afya Duniani linasema mtu akiacha, baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hushuka hadi nusu ya ile ya mvutaji, na ndani ya miaka 5 hadi 15 hatari ya kiharusi hufikia ya mtu asiyevuta. Ukihesabu, ukiwa na miaka 67 au 68 unaweza kuanza kuona hilo. Nimewaona wanaume wakizuiwa na sheria ya mwaka 2015 kuvuta hadharani, na bado wanajificha nyuma ya choo. Wewe uliacha kitandani, na mkono mmoja umekufa ganzi. Aliyefanya hivyo asiniambie kwamba mengine yamemshinda.

Tuje kwenye dawa na pombe. Nani alikuambia havikai tumbo moja? Ni kweli pombe haifai kwa mtu aliyepata kiharusi, na kama umepewa aspirini, pombe inaongeza uwezekano wa tumbo kutoka damu. Lakini wewe umegeuza maneno. Umekata dawa, ukabakiza pombe. Pombe yenyewe inapandisha presha, na jioni hiyohiyo umeondoa kile kinachoishusha. Ni kama kuteremka mlima na mzigo, gia umetoa, na breki umekata kwa mikono yako. Kidonge cha presha humezwa kila siku, siku ya furaha na siku ya msiba, ukijisikia vizuri na ukijisikia vibaya. Na mimea pia: majani machungu ya mululuza watu wanayasifu sana, babu zetu waliyatumia, mimi sina ugomvi nayo, ila hayachukui nafasi ya kidonge. Ukiyanywa, mwambie musawo.

Kuhusu malwa, mimi ni mtoto wa Bombo, nimelelewa katika nyumba isiyo na pombe, kwa hiyo unaweza kusema Hajati anaongea asichokijua. Lakini nimeuguza wanywaji, na nimekaa kwenye misiba ya jirani zangu nikaona kikundi cha malwa kikifanya kazi ambayo msikiti na kanisa havikuifanya. Sitakuambia uwaache watu waliokuchangia gari. Kama kuna mtu aliyekupa ushauri wa kuacha kila kitu na kukaa na ng'ombe, hakufikiri vizuri. Miezi mitatu ile hukushindwa na pombe. Ulishindwa na upweke.

Ila hili la kuvuta kidogo tu halitafanya kazi, na sababu yake unaijua kuliko mimi. Mtu wa chupa anaweza kuhesabu chupa. Chungu cha malwa ni kimoja, mko kumi na wanane, maji ya moto yanaongezwa, mnaongea, mnavuta, yanaongezwa tena. Hakuna hata mmoja anayejua jioni ile amekunywa kiasi gani. Huwezi kupunguza kitu usichoweza kukipima. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya, na hiyo ni kwa watu wazima wenye afya zao, sembuse wewe. Kwako ni kuacha mrija.

Mrija, nimesema. Kiti usikiache.

Malwa ni wimbi. Uji ni wimbi. Mwambie mama watoto akukorogee uji mwepesi wa wimbi, usiochachuka, bila sukari au yenye kidogo sana, akutilie kwenye kibuyu. Nenda na kibuyu chako, kaa kwenye kiti chako. Watacheka wiki mbili. Wiki ya tatu watakuwa wamepata mtu mwingine wa kumcheka. Halafu, ukiweza, omba kazi ya kushika pesa. Kila kikundi kina tabu na mweka hazina ambaye ikifika saa mbili usiku hajui tena nani ametoa na nani hajatoa. Mzee mwenye akili timamu mpaka mwisho wa kikao, na daftari (la kweli safari hii), atakuwa na cheo kuliko alichokuwa nacho akiwa na mrija.

Lakini si kuanzia kesho. Miezi miwili mitatu ya kwanza usikae karibu na chungu. Fika saa kumi na moja jioni kabla hakijanoga, toa mchango wako, pata habari za mtaa, ondoka kabla ya giza. Mfuate mwenyekiti peke yake, umwambie sababu, umwombe asikulazimishe mbele za watu. Mkifiwa, uwepo wa kwanza.

Na hapa nasisitiza: ukiona asubuhi mikono inatetemeka, jasho linakutoka, moyo unakimbia mpaka upate kidogo ndipo utulie, basi usiache ghafla ukiwa nyumbani peke yako. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kukuletea degedege. Mwambie daktari huyohuyo siku hiyohiyo unapomwambia ya daftari, ili uache chini ya uangalizi. Hiyo si aibu, ni ugonjwa unaotibika. Kama ni jioni nne na asubuhi uko sawa, huenda huna hilo, lakini useme.

Jikoni sasa. Mama watoto anakupenda, na anakuogopea, na amekosea. Kisufuria cha pembeni ndicho kilichokutoa nyumbani kwenda kwa kijana wa chapati. Mtu hawezi kuponea kwenye chakula kinachomtenga na wajukuu wake. Kipimo cha chumvi ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza ni chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima yeyote, yaani si zaidi ya kijiko kimoja cha chai ukichanganya vyote: ya mchuzi, ya chapati, ya mkate. Hicho ni kipimo cha nyumba nzima, si cha mgonjwa. Hao wengine wanaokula mchuzi wao wenye chumvi, nani alisema wao hawana presha? Nauliza hasa kuhusu yeye. Mke wako amepima lini mara ya mwisho? Mashine mnayo. Mkae meza moja, mpimane.

Basi sufuria liwe moja. Chumvi itiwe kidogo mwishoni, chakula kikiiva, na kopo lisije mezani. Ulimi utalalamika wiki chache, halafu utazoea, na utashangaa siku utakapokula kwenye harusi ukaona mchuzi ni bahari. Na ladha haitoki kwenye chumvi peke yake. Kunde zikaangwe na kitunguu na nyanya, ziungwe na simsim au karanga iliyosagwa isiyotiwa chumvi, zikamuliwe limao. Tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, dania, vyote viko sokoni Tororo.

Ila kuna mwizi mmoja ambaye watu wengi hawamjui: magadi. Mama watoto anaweza kuwa amefungia chumvi kabatini, na huku anatia magadi kwenye kunde na maharagwe yaive haraka. Magadi hayana ladha ya chumvi, lakini yana sodiamu ileile inayopandisha presha. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yatachemka bila magadi. Na vile vikolezo vya mchuzi vya pakiti, ukivitia umetia chumvi, usiongeze nyingine juu yake.

Oti na mafuta ya zeituni mshukuru binti yako, mle, na mkiyamaliza msinunue tena. Posho ya wimbi, kunde, maharagwe, mukene (dagaa), viazi vitamu, dodo (mchicha), ovakado, papai: chakula cha kwenu Tororo hakina deni na duka la Kampala. Nyama ya muchomo iwe ya sikukuu, si ya kila jioni. Sukari kwenye chai punguza kijiko baada ya kijiko. Roleksi usinidanganye kwamba utaacha kabisa, ule moja Jumamosi, umwambie kijana asitie chumvi kwenye mayai, na utie nyanya na kabichi nyingi. Bora roleksi moja inayojulikana kuliko mbili za kuiba.

Kutembea: watu wazima wanashauriwa walau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya upumue kwa nguvu kidogo lakini bado unaweza kuongea. Gawa dakika kumi kumi, asubuhi kabla ya jua kali. Chukua fimbo, na mjukuu mmoja. Mguu unaoburuta huogopesha, na nadhani ndiyo sababu hutoki ila kwenda kwa chapati na kwenye chungu, lakini mguu usiotumika huburuta zaidi. Uliza hospitalini kama kuna mtaalamu wa viungo, akuonyeshe mazoezi ya mkono pia. Mkono ule usiupe likizo, upe kazi, kukamua kitambaa, kuchambua maharagwe. Usianze na makubwa. Mwaka 2020, wakati wa karantini, Rais Museveni alijirekodi akikimbia ofisini na kupiga pushapu, na wazee wetu wawili watatu hapa mtaani wakamfuata bila kujiandaa. Nilichua viuno wiki nzima.

Umesema hulali vizuri. Sehemu ni ya daftari, na hiyo itakwisha ukishasema. Lakini mtu aliyelala chini ya mwembe akisikia kila neno, jua likimpiga usoni, asiweze kujigeuza, anaweza kuwa na hofu nyingine isiyokwisha kwa vidonge vya presha. Baada ya kiharusi huzuni na woga ni vya kawaida sana, na vinatibika. Likiendelea, liseme kliniki kama unavyosema maumivu ya goti.

Nami huo mwembe umenikaa moyoni. Sikulaumu, na hata waliocheka siwalaumu sana, hawakujua. Lakini ona: saa mbili zilipotea kwa sababu watu walizoea kukuona umelewa. Ukiendelea kuvuta malwa jioni nne kwa wiki, siku nyingine ikitokea usiku, kwenye chungu, watakulaza tena wakusubiri uamke.

Kwa hiyo siku ya kwanza utakapokwenda na kibuyu chako cha uji, omba nafasi ya kusema dakika tano, kabla hawajaanza kuvuta. Uwafundishe watu kumi na saba. Mtu akibadilika ghafla, mwambieni atabasamu, mtazame kama mdomo umelegea upande mmoja. Mwambieni anyanyue mikono yote miwili, mtazame kama mmoja unashuka. Mwambieni aseme jina lake na la kijiji chake, msikilize kama maneno yanakokota. Moja tu likionekana, ni gari, ni hospitali, na mkumbuke saa ilipoanza. Asipewe maji wala chakula, koo linaweza kuwa limepooza vilevile. Asipewe aspirini, kwa sababu hakuna anayejua kama ni damu iliyoganda au mshipa uliopasuka mpaka apigwe picha. Alazwe ubavu. Na asiachwe chini ya mti, hata kama ananuka pombe.

Niandikie ukitoka kliniki. Nataka kusikia yako ilisoma ngapi, na ya mama watoto ngapi. Za kweli, hata kama ni mbaya.

Hajati